Buibui Hana Kosa

Kwako Kaka Tepe,

Salamu kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi kilichokuwa kinakukatisha maneno tulipozungumza mara ya mwisho kimekuachia. Msalimie Wifi, na watoto wasalimie mmoja mmoja, wasije wakasema shangazi yao huwasalimia kwa jumla kama abiria. Fundi viatu wa mlango wa pili naye anakusalimu. Anasema hajapata kuona tena mtu anayemaliza soli upande mmoja tu kama wewe. Mimi ni mzima wa mwili.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Ukweli ni kwamba kila tukifika kwenye habari za Shangazi simu yako hukatika, na wala si mtandao. Barua haikatiki. Dereva wa lori la vitambaa ameahidi kukukabidhi mkononi Jumamosi, na ataondoka hapa saa nane mchana. Sasa ni saa nne asubuhi, Alhamisi. Nimeketi kwenye benchi nje ya wodi ya wanaume, daftari la sindano liko magotini, nalo ndilo ninaloandikia juu yake. Utaelewa baadaye kwa nini nimekuja nalo.

Jumapili uliponiuliza habari za Baba nilikujibu kwamba anaendelea. Neno hilo nililichagua kwa sababu halisemi anaendelea kwenda wapi. Kidonda cha pale walipomkata chini ya goti hakijafunga. Weusi unapanda. Jana ulikuwa umepita mshono kwa vidole vitatu, leo ni vinne. Daktari anataka wakate tena, juu ya goti, Jumatatu asubuhi, na fomu ya kukubali iko chini ya mto wa Baba tangu juzi. Hajaitia sahihi. Amesema hatatia mpaka dada yake aje akae kando ya kitanda chake. Muuguzi alimwambia kwa upole kwamba mguu haumsubiri dada. Baba akamjibu kwamba mguu umemsubiri yeye miaka sitini na saba, hautashindwa siku nne.

Shangazi yuko umbali wa nusu saa kwa miguu, na haji. Nilikwenda Jumanne. Anaishi kwa wifi yake, chumba cha uani, anafua nguo za watu. Alikuwa na mashuka ndooni na hakuinuka. Aliniuliza hali ya Baba, nikamweleza. Akauliza kama anakula, nikasema anaonja. Kisha akasema maneno haya, nami nayaandika kama alivyoyatamka: kwamba aliondolewa kwa mdomo wa Tepe, basi atarudi kwa mdomo wa Tepe, kwamba yeye si paka wa kutolewa mlangoni na kurudi kwa kuitwa ps-ps-ps. Alikuwa anakamua shuka wakati anasema.

Kwa hiyo mambo yamekwama hapo. Baba anamsubiri Shangazi, Shangazi anakusubiri wewe, na wewe umesema humpigii mwanamke aliyeacha nyumba iote utando mpaka baba yako akaumwa na buibui. Nataka nikueleze habari za buibui hao, kwa sababu umeondoka miaka sita na nadhani umewasahau.

Unakumbuka Baba alivyoagiza kwamba fagio lisipande juu ya rafu ya vitambaa vya sufu. Wewe ukiwapo walikuwa wachache. Baadaye walizaana, wale wembamba wenye miguu mirefu kama nyuzi, wakajaa pembe zote za dari ya karakana ya kushonea hadi chumbani kwa Baba. Baba alikuwa anawatetea kama mwajiri. Alisema nondo wa nguo hutaga kwenye sufu, na funza wake hula koti la mlinzi kabla mlinzi hajalivaa. Na kwamba tangu buibui wakae pale juu, hajapata tundu hata moja kwenye majora yake. Nilihesabu mwenyewe siku moja mabawa ya nondo yaliyodondoka juu ya kabati kwa wiki: kumi na sita. Fundi viatu alikuwa akichungulia mlangoni na kutucheka, anasema mna wafanyakazi wenye miguu minane kila mmoja na bado suruali yangu haijaisha.

Shangazi aliwaogopa. Hilo wewe hulijui, na linafaa ulijue. Aliwaogopa kuliko mtu yeyote katika nyumba ile. Akiingia karakana kufagia alijifunga kanga kichwani mpaka kwenye nyusi, na alipiga hodi, Kaka, hodi kweli kweli, mlangoni pa chumba kisicho na mtu, ili wale wa chini wapate nafasi ya kujiondoa. Palikuwa na mmoja mkubwa wa ukutani, bapa, wa rangi ya udongo, aliyekuwa akitoka nyuma ya kioo kila taa ikiwashwa na kuzunguka ukuta mzima bila haraka. Baba alimwita Mkaguzi. Akitoka, Baba husema haya kaeni sawa, Mkaguzi anapita, na Shangazi huinua miguu yake yote miwili juu ya kiti na kubaki hivyo mpaka amalize. Miaka minne aliishi hivyo. Alivumilia kwa kuwa mdogo wake aliomba, na kwa kuwa alimbeba mgongoni alipokuwa mtoto na hakuwahi kujifunza kumkatalia.

Ilikuwa Ijumaa ya wiki ya pili ya mwezi wa tatu, jioni, tulipoona kidonda. Shangazi ndiye aliyeona alama za damu sakafuni, kutoka kwenye cherehani ya Baba hadi mlangoni, ndogondogo, zenye nafasi sawa. Baba alikuwa hana habari. Miguu yake ilikuwa imeanza ganzi tangu mwaka jana, na sote tulisema ni kukanyaga cherehani. Nikamkalisha, nikainua kandambili yake ya kushoto kuiangalia, na chini yake palikuwa na Mkaguzi. Nilimpiga kwa kandambili ile ile. Nikapiga kelele kwamba ni buibui, kamuuma buibui. Baba hakuuliza habari ya mguu wake. Aliuliza kama nimemuua Mkaguzi. Nikasema ndiyo. Akanitazama, kisha akasema buibui hana kosa.

Muuza dawa alitupa dawa ya kupaka ya kuumwa na wadudu. Tulipaka siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili mguu ulinuka, tukampeleka hospitali, na huko ndiko tulikoambiwa kwamba ana sukari, na pengine amekuwa nayo kwa miaka. Daktari aliutazama unyayo kwa tochi. Akasema hilo tundu halifanani na jino la mdudu yeyote anayemjua yeye. Akaniuliza kama mgonjwa alikanyaga kitu chenye ncha. Nikasema hapana.

Yaliyofuata unayajua kwa simu. Walikata vidole vitatu, kisha mguu chini ya goti. Uliuliza kazi ya kufagia ilikuwa ya nani, nikasema ya Shangazi, jambo ambalo ni kweli. Ukasema kama kufagia kumemshinda akapumzike kwingine, na nyumba ipuliziwe dawa siku hiyo hiyo. Nilimfikishia maneno yako bila kuyapunguza. Alitoka na mfuko mmoja. Kabla hajatoka alifagia karakana, akasimamisha fagio nyuma ya mlango, na kwa mara ya kwanza hakujifunga kanga kichwani.

Dawa nilipuliza mwenyewe. Walidondoka usiku kucha, na asubuhi niliwazoa kwa kizoleo, arobaini na mmoja, miguu wameikunja kwa ndani. Baada ya hapo nyumba ilikuwa safi kama ulivyotaka. Mwezi wa tano nikafungua jora la kijivu, lile la makoti ya walinzi, nikakuta limekuwa chujio. Nondo. Makoti tisa yaliyokwisha kukatwa nayo yaliliwa kwenye kola na mabegani. Kampuni ya walinzi ilikuja kuchukua kitambaa kilichobaki na haijarudi. Usiku mbu wanaimba. Mende wamehamia ndani ya droo ya vifungo. Nafanya kazi ya kupunguza urefu wa suruali na kubadilisha zipu, basi.

Baba tulimficha habari za Shangazi kwa wiki mbili. Tulimwambia ana mafua na wodi hairuhusu mafua. Alipojua alijigeuza, akautazama ukuta. Muuguzi aliniuliza nje kama mzee ana matatizo ya akili, maana kila ninapoondoka yeye huzungumza habari za buibui. Nilisema ni homa.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Nakuomba usome hadi mwisho ndipo ukasirike.

Unalijua daftari la sindano kuliko mimi. Wewe ndiye uliyeandika kurasa za mwanzo, mwaka ule mtoto wa mteja alipochomwa na kipande kilichobaki kwenye pindo la sketi na Baba akaapa halitatokea tena. Sheria hukuisahau: sindano ikivunjika, cherehani inasimama, vipande vyote vinatafutwa, vinabandikwa kwa selotepu, mkia na ncha vikiwa vimegusana, tarehe chini yake, na haiwekwi sindano mpya mpaka ile ya zamani iwe kamili kwenye ukurasa. Hata mteja akiwa amesimama na gari linamsubiri.

Jumanne ya wiki ile ile, saa tisa na robo, nilivunja sindano nikishona mshipi wa begi. Baba alikuwa ametoka kwenda kupima mteja mlango wa nne, amevaa viatu. Kandambili zake zilikuwa pale zinapokaa siku zote, katikati ya cherehani yake na yangu, kwa kuwa yeye hukanyaga pekupeku. Mkia ulibaki kwenye cherehani. Ncha iliruka. Niliitafuta, Kaka, lakini niliitafuta kwa kuinama tu, sikupiga magoti, maana mwenye begi alikuwa mlangoni anasonya. Nilitafuta kwa dakika tatu, labda nne. Kisha nikafungua daftari ukurasa wa kumi na tisa, wenye mwandiko wako, nikabandua ncha ya sindano ya miaka saba iliyopita, nikaibandika mbele ya mkia wangu. Nikaandika tarehe. Nikaweka sindano mpya na kumaliza begi.

Ijumaa ile nilipoinua kandambili, baada ya kumpiga Mkaguzi, niliona kitu kinang'aa. Ncha yangu ilikuwa imezama kwenye sponji upande uliovunjika, na upande wenye makali umetokeza juu kama punje ya mchele, umekuwa mweusi. Baba aliitembelea siku tatu bila kuisikia. Nilikuwa nimekwisha kusema buibui. Neno lilikuwa limekwisha kutoka, na Shangazi alikuwa amekwisha kuanza kulia na kusema amechelewa kufagia. Nilikuwa na nafasi ya kulirudisha. Niliichomoa ncha kwa kucha nikiwa nimewapa mgongo, na nilipokwenda uani kutafuta maji ya moto niliitupa chooni.

Kwa hiyo siku kumi na moja za dawa ya wadudu ni zangu. "Hapana" ya daktari ni yangu. Shangazi kufukuzwa kwa ajili ya utando ambao aliogopa hata kuutazama, hilo ni langu, ingawa ulilisema wewe, maana ulisema ukiamini nilichokupa. Jumanne hii nilipokwenda kwake nilikusudia kumwambia. Nilisimama pale kwa muda wa mashuka mawili. Kisha nikaaga.

Jana Baba aliniomba nimletee daftari la sindano. Nilidhani anataka cha kupitishia muda. Leo asubuhi nilimwekea kifuani, akaanza ukurasa wa kwanza. Alicheka kidogo kwa mwandiko wako, akasema ulikuwa unaandika kama mtu anayeshuka ngazi. Alifika ukurasa wa kumi na tisa, akapitisha kidole mahali palipobanduliwa, akaendelea. Alifika mwezi wa tatu mwaka huu. Unajua hana haja ya tepe ya kupimia. Alilaza kidole gumba chake kando ya sindano yangu, kutoka ukucha hadi kwenye fundo. Sindano ya cherehani yetu ina milimita thelathini na nane. Yangu ina arobaini na mbili. Nilikuwa nimebandika sindano ndefu kuliko sindano, mimi, mtoto wa fundi, ninayeishi kwa kupima.

Aliinua selotepu kwa ukucha, polepole, akaichukua ile ncha, akaniwekea kiganjani. Akasema niirudishe nilikoitoa.

Nilimuuliza amejua tangu lini. Akasema tangu Jumanne ile ile. Kila jioni kabla ya kufunga hulifungua daftari, na jioni ile alipoona urefu ule alipiga magoti akatafuta chini ya cherehani zote mbili nilipokuwa naoga. Hakuzigeuza kandambili zake, hilo anajilaumu. Alitaka kuniuliza asubuhi, lakini asubuhi palikuwa na mteja, na kesho yake palikuwa na mteja mwingine, na Ijumaa nikapiga kelele ya buibui. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Akasema mtoto wake mmoja yuko mbali, na hakutaka kumpeleka mbali na wa pili. Na kwamba alidhani nitasema mwenyewe, kesho, au kesho kutwa. Ndipo nilipoelewa kwamba kila aliposema buibui hana kosa, miezi minne hii, alikuwa ananisubiri mimi nimalizie sentensi.

Sikuandikii ili unipunguzie. Wala sikuandikii kwamba kuna matumaini makubwa. Daktari aliniambia jana kwenye korido kwamba sumu pengine imekwisha kuingia kwenye damu, na kwamba hata wakikata Jumatatu, yeye mwenyewe hajui. Baba naye anajua. Alimwuliza moja kwa moja, na daktari si mtu wa kudanganya. Kwa hiyo sikuombi uokoe mguu. Ninachoomba ni kwamba ukimaliza kusoma usinipigie mimi. Mpigie Shangazi. Namba ni ya wifi yake, nimeiandika nyuma ya bahasha. Mwambie kwa mdomo wako arudi, na mwambie kwa nini. Mimi nikitoka kumpa dereva barua hii nakwenda kwake moja kwa moja kumweleza yote, ili maneno yako yasimkute hajui. Akinitupia ndoo ya maji ya sabuni nitakuwa nimepata kidogo.

Nimeirudisha ncha kwenye ukurasa wako. Inakaa sawasawa, thelathini na nane. Kwenye ukurasa wangu umebaki mkia tu. Mbele yake nimeacha nafasi wazi, na chini ya tarehe, pale sheria inaposema uandike kama vipande vimekamilika, nimeandika ncha ilikokwenda: unyayo wa kushoto wa Baba.

Baba anakusalimu. Nilipomwambia nakuandikia aliniagiza niongeze kwamba kikohozi kisichoisha kipimwe, kisisemwe ni vumbi. Msalimie Wifi. Watoto waambie shangazi yao amewakumbuka, na mengine juu yangu utawaambia wewe wakikua, kwa kadiri utakavyoona inafaa.

Mimi mdogo wako,
Kifungo